Duka limekuuzia kibovu, sasa linakuzungusha: fanya hivi

Duka lililokudhulumu mara nyingi halikushindi kwa sheria. Linakushinda kwa "njoo kesho." Leo bosi hayuko, kesho fundi ameenda Mtwapa, keshokutwa utaambiwa mzigo unaingia Jumatatu. Wewe unalipa matatu kutoka Kisauni, unakata jua mpaka dukani, unaambiwa "kaa hapo kidogo, mama," na jioni unarudi nyumbani umeambulia soda. Ukizungushwa hivyo vya kutosha utasema "Mungu yupo" na utaacha. Mungu yupo, naam. Na duka nalo lipo, na pesa zako zimo ndani yake.

Kwa hiyo kazi yote ninayoieleza hapa ni ya kuwachosha wao kabla hawajakuchosha wewe. Unachohitaji ni karatasi, simu uliyo nayo mkononi, na ulimi uliotulia.

Nitatumia friji yangu kuwa mfano, maana ndiyo kesi ninayoijua nje na ndani. Niliinunua mjini hapa Mombasa kwa shilingi 38,000. Kijana wa kaunta aliniapia ni mpya, "hata nailoni haijatoka, mama." Kweli, nailoni ilikuwapo. Kabla ya wiki kuisha, samaki wangu, changu, niliowaweka usiku wakawa wananuka asubuhi, tui limechacha, na kule juu kwenye barafu maji yanapoa tu, hayagandi.

Nikaivuta kutoka ukutani, nikaizunguka na tochi ya simu. Friji huficha umri wake kwa mbele, nyuma haiwezi. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimekwaruzwa na bisibisi ya mtu. Bomba la shaba karibu na mota lilikuwa na weusi wa kulehemu, na hapo palipolehemiwa shaba ilikuwa inang'aa kuliko kwingine. Kibandiko cha nambari kilikuwa kimebandikwa juu ya kibandiko kingine. Ukikikuna pembeni kwa ukucha unaiona karatasi ya zamani iliyo chini. Mpira wa mlango ulisuguliwa vizuri kwa nje, lakini ukiifungua mikunjo yake unakuta ukungu mweusi na harufu ya Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo. Kuuza friji iliyotumika hakunikeri. Mji huu una bandari, na vitu vya mtumba kutoka Dubai na Uingereza tumevizoea. Ila ya mtumba ina bei yake, na mwenye kuiuza aseme.

Ukishagundua, jambo la kwanza ni kutogusa. Ndugu zako watakuletea fundi wa mtaani aifungue "aone tu." Mkatalie. Skrubu moja ikizunguka, duka litasema wewe ndiye uliyeiharibu, na hapo umewapa mlango wa kutokea. Fundi aje aangalie, asikilize mota, halafu aandike alichokiona kwenye karatasi, aweke jina, tarehe na nambari yake ya simu. Mlipe chai yake. Kisha piga picha: nyuma, vibandiko vyote viwili, nambari, mpira. Video pia: weka kikombe cha maji kwenye sehemu ya barafu, kirekodi usiku, kirekodi tena asubuhi maji yakiwa bado maji, na taja tarehe kwa sauti unaporekodi.

Baada ya hapo kusanya ushahidi wa kununua. Risiti ipige picha siku hiyo hiyo, kwa sababu zile zinazochapishwa na mashine ya kaunta hufifia, na joto letu hili ndilo linaziua mapema. Kama hukupewa risiti, usikate tamaa. Ujumbe wa M-Pesa una tarehe, saa, kiasi, na jina la mwenye till, ile nambari ya duka uliyolipia. Ukiwa umeufuta, omba taarifa ya akaunti kupitia *334# au kwenye programu ya M-Pesa. Kama uliwahi kuandikiana na duka kwenye WhatsApp, wakakutumia picha na bei, hayo mazungumzo ni mali. Yapige picha ya skrini kabla mtu wa upande wa pili hajafuta ujumbe wake.

Hapa kuna kitu ambacho wengi hukipita. Jina la ubaoni, jina la kwenye till na jina la mwenye biashara huweza kuwa majina matatu tofauti. Ubao unasema hivi, M-Pesa inasema jina la shemeji yake. Ukifika kwenye kudai rasmi, unahitaji jina la kweli. Litafute kwenye leseni ya biashara ya kaunti, ile inayotundikwa ukutani karibu na kaunta. Isome ukiwa umesimama unangoja, uliandike. Kungoja nako kuna faida yake.

Sheria ijue kiasi cha kutosha kuitaja bila kutetemeka. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, kupewa maelezo anayohitaji, na kulipwa fidia kwa hasara iliyotokana na kasoro. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kumwambia mteja kitu ni kipya na kumbe kimetumika ni moja ya udanganyifu ambao sheria hiyo inautaja wazi, na inakuruhusu kuvunja mapatano ya namna hiyo ukitoa notisi ndani ya mwaka mmoja tangu mlipokubaliana. Na lile tangazo la ukutani, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi? Sheria hiyo hiyo inasema haki ulizopewa zinabaki hata kama kuna makubaliano ya kuziondoa. Tangazo linamfunga aliyenunua rangi ya samawati akafika nyumbani akatamani nyekundu. Huyo sina la kumsaidia. Aliyeuziwa uongo halimhusu.

Sasa nenda dukani. Usiende asubuhi, bosi hajafika na kijana wa kaunta hana mamlaka ya kukurudishia hata shilingi kumi. Usiende Ijumaa karibu na swala. Mimi huchagua saa kumi na moja jioni, watu wametoka kazini, duka lina wateja, na bosi yupo anahesabu mauzo. Nenda na mtu mmoja, mzima, mtulivu, asiyependa kusema sana. Shoga yako yule wa maneno mwache nyumbani. Ukienda na kundi mtaonekana mmekuja kufanya fujo, na mtatolewa nje.

Yule kijana usimtukane. Analipwa kwa siku, na kauli ya "ni mpya" alifundishwa. Mwambie, "Mwanangu, niitie mwenye duka, nitamngoja." Mwenyewe akija, salamu kwanza, kamili, mpaka habari za nyumbani. Halafu sema mambo matatu tu: nilinunua nini na lini, kina kasoro gani, nataka nini. Kwa sauti ya kawaida, isiyonong'ona. Wateja waliosimama karibu watasikia wenyewe, huna haja ya kuwapigia kelele. Mimi nilisema, "Kaka, friji hii niliuziwa mpya, na si mpya, picha hizi hapa. Nataka pesa zangu."

Hilo la mwisho ndilo watu hulikosea zaidi. Wanasema "nifanyieni chochote," na wanafanyiwa chochote. Amua kabla hujatoka nyumbani. Kama kitu ni kipya kweli na kimetoka na kasoro, matengenezo ya mara moja au kubadilishiwa ni haki kwa wote wawili. Ila ukiwa umedanganywa kuhusu kitu chenyewe, usikubali kubadilishiwa. Ile nyingine imetoka kwenye stoo hiyo hiyo.

Majibu yao utayasikia haya. "Fundi wetu ataiangalia, ilete." Sawa, lakini usiache kitu chako bila maandishi yanayosema kimepokewa lini, na nani, nambari yake ya seriali, kikiwa na hali gani, na kitakuwa tayari lini. Wasipotaka kuandika, rudi nacho. "Umeme wenu huko Majengo ndio ulioiharibu." Waulize umeme ulibandikaje kibandiko cha pili. "Njoo Jumatatu." Hapo sasa toa simu, mbele yake, umtumie ujumbe wa WhatsApp ukiwa bado umesimama: "Nimefika dukani leo, umeniambia nirudi Jumatatu kuhusu friji niliyonunua kwako." Alama mbili za kuonyesha umefika zikitokea, umepata tarehe na ushahidi kwa bei ya bando. Akikuzungusha tena, mtumie mwingine. Nakwambia, mtu anayeona ahadi zake zinapangwa moja chini ya nyingine huanza kukuheshimu.

Maneno yakishindikana, andika barua. Wakili hahitajiki. Yangu ilikuwa hivi:

"Kwa mwenye duka. Tarehe 3 Februari nilinunua kwako friji kwa shilingi 38,000, nikalipa kwa M-Pesa. Niliambiwa ni mpya. Imeshafunguliwa na kulehemiwa, ina vibandiko viwili vya nambari, na haigandishi. Picha, video na maelezo ya fundi ninayo. Kwa kuwa nilidanganywa, nimeyavunja mapatano yetu. Nirudishie pesa zote kufikia tarehe 24 Februari, na friji uje uichukue kwa gharama yako. Usipofanya hivyo nitafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa."

Hakuna tusi, hakuna "nitakuonyesha." Chapisha nakala mbili kwa sayba, duka la kompyuta na intaneti, ya kwanza wachukue, ya pili watie sahihi au mhuri kwamba wameipokea. Wakikataa kutia sahihi, yule mtulivu uliyekwenda naye akupige picha ukiiweka kwenye kaunta, na umtumie bosi nakala kwenye WhatsApp.

Mahakama hiyo si kitisho cha mdomoni. Ilianzishwa kwa sheria ya 2016, inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu madai yafunguliwe. Unaweza kujisemea mwenyewe, kwa Kiswahili, na haibanwi na zile kanuni ngumu za ushahidi zinazowatia watu hofu. Picha zako, ujumbe wako na karatasi ya fundi ndivyo utakavyovihitaji, vikiwa vimepangwa kwa tarehe. Ukishinda na duka bado likagoma kulipa, unarudi kuomba amri itekelezwe, na dalali wa mahakama ndiye anayekwenda kugonga.

Ofisi nyingine chagua kulingana na kosa. Bidhaa feki yenye jina la kampuni ya watu, nenda kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Alama ya ubora unayoitilia shaka, Shirika la Viwango, KEBS. Ukiona alama yao kwenye pakiti, tuma herufi SM, alama ya #, na ile nambari iliyo chini ya alama kwenda 20023, utajibiwa ni ya nani. Kilo pungufu sokoni Kongowea au Marikiti ni ya watu wa vipimo na mizani, na kabla ya kulalamika kapime mzigo wako kwenye mizani nyingine, uangalie na mhuri wa ukaguzi kwenye ile ya kwanza. Mamlaka ya Ushindani nayo hupokea malalamiko ya wateja waliopotoshwa. Polisi ni pale duka limefunga na kuhama na pesa zako, au lilikuwa la uongo tangu mwanzo. Kwa friji mbovu watakwambia ni madai ya kawaida, nendeni mkaelewane.

Mambo ya kuharibu kesi yako mwenyewe ni rahisi pia. Kuomba M-Pesa irudishe malipo kwa kusema ulituma kimakosa: huo ni uongo wako, na duka litauonyesha. Kubeba redio ya kaunta kufidia hasara: hapo mwizi ni wewe. Kuweka picha ya mwenye duka Facebook na neno "tapeli" kabla hujathibitisha lolote: unaweza kujikuta wewe ndiye unayeshtakiwa. Mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, imamu au jirani wa duka, anasaidia kuliko Facebook, hasa kwa watu wanaomaliza biashara zao mtaani humu humu.

Yangu haikufika mahakamani. Barua ilipokaribia tarehe yake, bosi alinipigia mwenyewe, akaanza na shilingi 20,000 "tumalizane." Nikamwambia tarehe haijabadilika. Akapanda, mwishowe akakubali kurudisha zote kwa awamu mbili. Hapo ndipo palinitaka macho zaidi, maana alitaka nitie sahihi kwamba sina dai lolote tena, na friji aichukue, siku ya malipo ya kwanza. Nikaandika mimi: nimepokea kiasi hiki, kimebaki kiasi hiki, kitalipwa tarehe hii, friji itatoka malipo yakikamilika. Risiti halisi nilibaki nayo, yeye nikampa nakala. Pesa za mwisho zilipoingia, nilisoma ujumbe wa M-Pesa na salio, ndipo nikatia sahihi na kuwafungulia hamali mlango. Nauli ya mkokoteni alilipa yeye, kama barua ilivyosema.