Kabla hujapanda boti ya Zanzibar funga laini yako kwanza

Juzi mdogo wangu kaibiwa simu Forodhani. Alikuwa anakula urojo, simu kaiweka pembeni ya bakuli, kageuka kumlipa mtu wa juisi ya miwa, kurudi haipo. Kapiga kwa simu ya mwenzake ikaita mara mbili, ya tatu haipatikani. Mpaka hapo sawa, simu inanunuliwa. Kilichotuuma ni kilichofuata, haikupita saa moja shangazi yetu wa Morogoro kapata meseji kutoka namba yake ileile, "shangazi nimepata dharura huku nitumie elfu 80 kwa namba hii, jina litakuja la mwenye chumba". Shangazi katuma. Na mwizi wala hakuhangaika kufungua simu, kachomoa laini tu kaichomeka kwenye kiswaswadu, na dogo namba zote alikuwa kazisevu kwenye laini, tena kwa majina ya "Shangazi", "Maza", "Bro".

Nimekesha naye kwenye simu mimi nikiwa Dar, so naandika hapa ili wengine msirudie.

Hatua ya 1: toa kitambulisho kwenye kava la simu

Najua kila mtu anaweka NIDA huko nyuma. Sasa angalia hiyo namba yako, tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Halafu PIN yako ya M-Pesa ni nini? Mwaka wa kuzaliwa. Yaani umempa mwizi kufuli na funguo kwenye mfuko mmoja. Badilisha PIN leo, kitambulisho kaa nacho kivyake.

Hatua ya 2: weka PIN kwenye laini yenyewe

Hii ndo hatua yenyewe, na ndo iliyonila karibu siku nzima mwaka jana, so soma taratibu.

Siongelei PIN ya kufungua simu wala ya pesa, hii ni ya laini, ukiiweka basi laini ikichomekwa kwenye simu nyingine yoyote haifanyi kazi mpaka iandikwe. Hakuna meseji, hakuna kupokea kodi (code) za benki, hakuna shangazi kuombwa hela. Ingia settings andika "SIM lock" kwenye kile kisanduku cha kutafutia juu, maana Tecno, Infinix na Samsung kila mmoja kaificha kwake, iPhone utaikuta kwenye mambo ya data inaitwa SIM PIN.

Ukiiwasha itakuuliza PIN ya sasa. Hapa ndo watu wanaharibu. Hiyo PIN ya sasa hujaiweka wewe, ni ile iliyokuja na laini, ipo kwenye ile kadi kubwa uliyoibandulia laini, imeandikwa pamoja na PUK, yaani namba ya kufungulia laini ikishajifunga. Mimi nilijifanya najua, nikaandika PIN yangu ya pesa, ikakataa, nikaandika ya benki, ikakataa, nikabahatisha 1234, kwisha habari. Mara tatu tu laini inajifunga inataka PUK. Na nilifanya hivyo nikiwa ndani ya boti jamani, safari ya masaa mawili nikasema ngoja nitumie muda vizuri. Kadi yenye PUK iko kwenye droo Tabata. PUK nayo usiibahatishe, ukikosea mara kumi laini imekufa kabisa.

Nikaazima simu ya jirani nimpigie wife asome kadi, nikagundua namba yake siijui kichwani. Namba pekee ninayoijua ni ya mama, na mama hapokei namba asiyoijua. Huduma kwa wateja 100 nayo ukipiga unaenda kwa mtandao wa simu uliyoshika, jirani alikuwa mtandao mwingine. Nimeshuka bandarini Malindi bila laini, pesa zote ziko humo, nikatembea mpaka Darajani kurenew. Foleni. Kufika mbele mashine ya alama za vidole inanikataa, nafuta kidole kwenye suruali, kidole cha pili, cha tatu, yule dada ananiangalia tu. Kidole gumba cha kushoto ndo kikakubali, saa tisa alasiri hiyo.

Kwa hiyo:
- Fanya nyumbani, kadi ya laini iko mkononi. Kadi imepotea? Piga 100 kwa laini hiyohiyo uombe PUK kabla hujagusa chochote, uwe na namba ya NIDA karibu.
- Ikishajifunga na PUK unayo, piga \*\*05\* PUK \* PIN mpya \* PIN mpya tena #
- Una laini mbili, fanya zote mbili. Dogo mmoja kafunga ya bando akaacha ya pesa wazi.
- Simu ikizima chaji ikawaka yenyewe, hupatikani mpaka uandike PIN. Waambie nyumbani wasianze kulia.
- Usiweke mwaka wa kuzaliwa. Tumeshaongea.

Na ukiweza hamia eSIM, laini iliyo ndani ya simu yenyewe bila kadi, binafsi sitarudi kwenye plastiki, haichomoki.

Hatua ya 3: WhatsApp

Settings, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, tarakimu sita. Dakika moja.

Hatua ya 4: karatasi

Ndiyo, karatasi na peni. Namba tatu za watu wanaopokea simu, PUK, na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe (piga \*#06#). Kama Gmail yako ina uthibitishaji wa hatua mbili andika na zile kodi za akiba (backup codes), zinakuja kumi, la sivyo utataka kuingia kutafuta simu uliyoibiwa halafu inakwambia kodi imetumwa kwenye simu hiyohiyo. Karatasi ikae kwenye begi, sio kwenye pochi.

Hatua ya 5: chumba na tiketi

Chumba cha Instagram kisicho na video call hakuna advansi. Mwambie akutembeze live, kuanzia getini, afungue na bomba la bafuni. Tiketi ya boti dirishani tu, wale wanaokukimbilia bandarini na vizibao sina la kusema.

Hatua ya 6: bahari

Paje na Jambiani maji yanapwa mbali sana na yanarudi kama masaa sita baadaye, siku za bamvua (mwezi ukiandama na ukiwa mpevu) ndo yanaenda mbali na kurudi kwa nguvu. Ukitaka kutembea mpaka kule kwenye mwamba muulize kwanza mama wa mwani saa ngapi yanajaa, na uvae yeboyebo, miba ya wale wadudu weusi wa baharini (sea urchin) haitoki. Boti ikiahirishwa kipindi cha kusi usigombane na mtu wa dirishani, MV Skagit ilitoka Dar tarehe 18/7/2012 kwenye upepo mkali ikazama karibu na Chumbe.

Hatua ya 7: ikishaibiwa

Kwanza laini, simu baadaye. Tafuta mtu wa mtandao wako apige 100 waifunge, halafu wapigie (sio meseji) ndugu wanaopenda kutuma hela bila kuuliza, kila ukoo una shangazi wake. Ndo uende polisi ukachukue RB (namba ya taarifa yako), uwape na ile IMEI. Hiyo namba iliyoomba hela, ile meseji iforwadi 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Ukirudi piga \*106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ya dogo tulikuta tatu, mbili anazijua.