Kufunga Weber tatu kwenye Datsun 240Z bila kujitafutia balaa

Datsun 240Z huku kwetu haihitaji kutambulishwa, ndio gari iliyobeba Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann, halafu 1973 na Shekhar Mehta, kwa hiyo ukiwa nayo moja inapumua bado utasikia tu kila fundi anakwambia "toa hizo kabureta weka Weber tatu". Sawa, ni kitu kitamu kweli, gari inaitika ukigusa mafuta tu na ule mlio wa kuvuta hewa ndio nusu ya raha. Lakini wengi wanafunga halafu gari inakuwa nzito kuliko zamani, inakula mafuta hatari na kukohoa kila round about.

Kabla hujatoa hela angalia zile mbili ulizonazo, Hitachi za mtindo wa SU. Zikiwa nzima sio mbaya hata kidogo, wanaolalamika sana ni wenye 240Z za 1973 zilizouzwa Marekani, zilizokuja na kabureta za kupunguza moshi, hizo ndio kero. Puliza dawa ya kusafishia kabureta pale shafti ya throto (kile kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta) inapoingia kwenye bodi injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, mlio ukibadilika ujue shafti imelika inavuta hewa ya wizi. Cheki na oili ya dampa juu. Halafu pima kompresheni silinda zote sita, angalia valvu, plagi na taimingi, maana injini iliyochoka haiponi kwa kuwekewa Weber, itakudanganya tu useti jeti (vile vitundu vya kupimia petroli na hewa) mwezi mzima wakati tatizo liko kwingine.

Haya, umeamua. Chukua Weber za modeli ya 40 DCOE tatu na usidanganywe na 45 kama gari ni ya barabarani. Na hapa watu wanakosea sana, ile 40 ni milimita za ukubwa wa koo pale kwenye throto, kinachoamua gari itavutaje ni choki, ule mrija mwembamba wa ndani unaobadilishika. Injini ya 240Z, L24, ni cc 2,393, yaani kama cc 400 kwa silinda, choki ya 30 au 32 inatosha kabisa. Ukiweka kubwa zaidi kasi ya hewa inashuka, petroli haipigwi ikawa mvuke vizuri, na gari chini ya raundi elfu tatu inakuwa imekufa. Choki kubwa waachie wa mashindano wenye kamshafti kali.

Kwenye kufunga kuna mtego mmoja wa hii injini, manifoldi ya kuingiza na ya eksozi ziko upande mmoja, zinatumia gasketi moja na baadhi ya nati zinabana zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo unene wa flanji zake ulingane, la sivyo upande mmoja utabanwa na mwingine utavuja. Na kwa sababu eksozi iko chini ya kabureta kabisa weka ngao ya joto, foleni ya Mombasa Road mchana petroli itachemka ndani ya bakuli gari izime hapo hapo watu wanakupigia honi. Kabureta zenyewe zinakaa kwenye oringi laini na washa za springi, usizikaze mpaka mwisho, ziachwe na mchezo kidogo maana mtetemo wa injini unatoa povu kwenye petroli. Usisahau pia busta ya breki, lazima uipatie vekyumu kutoka kwenye manifoldi, kuna watu wameziba ile paipu halafu wanashangaa breki ngumu!

Presha ya mafuta iwe psi 3 hivi, ikizidi sana sindano inashindwa kufunga na petroli inamwagika. Weka reguleta na geji, ni hela ndogo.

Jeti sasa. Hesabu ya kuanzia ya mafundi ni choki mara nne, kwa hiyo choki 32 jeti kuu ni 130 hivi (maana yake tundu la milimita 1.30), jeti ya hewa ongeza 50 uwe kwenye 180, jeti ya sailensa 50 F9 au F8 (50 ni tundu la petroli, F ni namba ya tundu la hewa). Hapo ni kuanzia tu. Na ujue jeti ya sailensa sio ya wakati gari imesimama tu, ndio inayokulisha mjini karibu muda wote mpaka jeti kuu ianze kazi, kwa hiyo gari ikikohoa ukikanyaga polepole usikimbilie jeti kuu.

Kingine ambacho vitabu vya Ulaya haviongelei sana ni mwinuko. Nairobi ni kama mita 1,700, hewa nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko Mombasa, kwa hiyo mchanganyiko ule ule ukiwa juu unakuwa na petroli nyingi. Kama Pwani ni 130, Nairobi 125 itakaa vizuri. Ubaya uko kwenye kushuka, umeseti vizuri Nairobi ukateremka Mombasa kilomita 480 ukiwa umekanyaga, petroli inakuwa haba, pistoni zinapata joto na unaweza kuzitoboa. Ukisafiri sana chagua jeti ya Pwani ukubali moshi kidogo juu, au beba seti mbili, kubadilisha unafungua tu kile kifuniko cha juu chenye nati ya kipepeo na bisibisi inamaliza.

Kusawazisha: fungua linki zote, skrubu za mchanganyiko funga taratibu mpaka ziguse (usikaze, ncha inaharibika) halafu rudisha raundi moja na nusu. Pasha injini moto, tumia kipima hewa kwenye kila kabureta, ya katikati kwanza, ukishalinganisha ndio urudishe linki, uzime injini na mtu akanyage mafuta mpaka chini uone zote zinafunguka kabisa. Sailensa ya raundi 900 mpaka 1,000 inatosha.

Ukiweza kupata geji ya oksijeni kwenye eksozi, ukikanyaga yote isome 12.5 hadi 13, yaani uzito wa hewa kwa kila moja ya petroli. Huna? Endesha kwa nguvu, zima gari ghafla, chomoa plagi: kahawia safi, nyeusi petroli nyingi, nyeupe punguza mwendo urudi nyumbani taratibu.

Baada ya safari ya kwanza ndefu kaza tena nati za manifoldi ikiwa baridi, pitisha kidole kwenye kila jointi ya mafuta, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na kiti sio kwenye buti.