Kabla Hujaifungua Monita: Mambo ya Kuzingatia Skrini ya Kompyuta Inapogoma Nyumbani

Monita ya kompyuta ya mezani ikigoma, mwenye bisibisi nyumbani hukimbilia skrubu za mgongoni. Huko siko pa kuanzia. Skrini ndiyo ya mwisho kwenye msururu mrefu: soketi ya ukutani, plagi, waya wa umeme, kasha la kompyuta, kadi ya picha, kebo ya picha, ndipo ufike kwenye kioo. Popote panapokatika, kioo ndicho kinachobaki cheusi na ndicho kinachobebeshwa lawama. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maandalizi ni kuihoji monita ikiwa bado imefungwa. Mara nyingi ugonjwa hujulikana kabla ya skrubu ya kwanza kulegezwa.

Tazama kwanza ile taa ndogo iliyo karibu na swichi. Kama haiwaki kabisa, fuata umeme. Chomeka kwenye soketi hiyohiyo kitu unachojua ni kizima, kama chaja ya simu. Kisha kagua plagi. Hizi plagi zetu za miguu mitatu bapa, za mtindo wa Kiingereza, zinazotumika Tanzania, Kenya na Uganda, huwa na fyuzi ndani. Monita ya kawaida inatosheka na fyuzi ya ampea 3 au 5, lakini plagi nyingi za mtaani huja na ya 13, na za bei ya kutupa nyingine hazina fyuzi yoyote. Waya wa umeme wa monita mara nyingi ni wa aina moja na ule wa kasha la kompyuta, basi badilishana hizo mbili uone. Kama monita yako inatumia adapta ya nje, soma kibandiko chake, kwa kawaida volti 12 au 19, halafu pima kwa mita ya kupimia umeme kama kweli inatoa hizo. Adapta ikiwa imekufa, umeshamaliza kazi: nunua nyingine yenye volti zilezile, ampea zisizopungua, na ncha yenye mpangilio uleule wa chanya na hasi.

Taa inawaka lakini kioo ni cheusi? Hapa kuna kipimo kisicho na gharama. Washa kompyuta, subiri mpaka una hakika imefika kwenye ukurasa wake wa mwanzo, zima taa za chumba, kisha mulika kioo kwa tochi ya simu kwa mshazari, ukiwa karibu. Ukiona kama kivuli cha maandishi au alama za programu, picha ipo, kilichokufa ni mwanga wa nyuma. Skrini za LCD, hizi bapa, hazitoi nuru zenyewe. Kioo hufanya kazi ya kuziba na kupitisha mwanga unaotoka nyuma yake. Kwenye monita za zamani mwanga huo hutoka kwenye vitaa vyembamba vya mrija, kwenye mpya hutoka kwenye LED. Kuna dalili moja ya zile za mrija ambayo mafundi huitambua upesi: unawasha, picha inakuja safi sekunde moja au mbili, halafu giza. Ukizima na kuwasha tena, inarudia vilevile. Maana yake bodi inayoendesha taa imeona kasoro ikajizima kwa usalama. Ama taa moja imechoka, ama bodi yenyewe ina kipuri kibovu.

Kama kinatokea kijisanduku kinachoeleaelea kikisema hakuna ishara ya picha, furahi. Kioo kizima, mwanga upo, bodi inafikiri. Acha kuitazama monita, geukia kebo na kompyuta. Kebo ya VGA, ile ya kichwa cha buluu chenye skrubu mbili za pembeni, ina nafasi 15 za pini, na pini hupinda mtu akiichomeka kwa papara chini ya meza. Itoe uitazame kwa mwanga mzuri. Pini moja ya safu ya katikati ikikosekana usishtuke, kebo nyingi hutengenezwa bila hiyo namba 9. Iliyopinda inyooshwe polepole kwa kibano. Rangi nazo husema: picha nzima ikigeuka ya njano, rangi ya buluu haifiki, ikigeuka ya zambarau-waridi, kijani ndiyo iliyokatika. Jaribu kebo nyingine, jaribu monita kwenye kompyuta ya jirani, na uchomeke kompyuta yako kwenye televisheni ya sebuleni kwa HDMI. Televisheni ikionyesha picha, kompyuta yako ni nzima, na pia umepata pa kufanyia kazi wakati monita iko kwa matengenezo. Nayo ikibaki tupu, lichomoe kwanza kasha la kompyuta kwenye umeme, toa RAM, ile kadi ndogo ya kumbukumbu, safisha miguu yake, irudishe. Mgonjwa wako yuko huko.

Mistari na michirizi ina kipimo chake. Bonyeza kitufe cha monita kinacholeta menyu ya mwanga na rangi. Menyu hiyo huchorwa na monita yenyewe, haitoki kwenye kompyuta. Kama mistari inapita hata juu ya menyu, kosa liko ndani ya monita. Kama menyu imekaa safi juu ya picha iliyochafuka, tafuta kwenye kebo, kadi ya picha au programu yake. Ni kipimo cha nusu dakika, na sijui kwa nini watu hukiruka.

Sasa swali gumu zaidi: je, hii ni ya kutengenezewa nyumbani? Kioo kilichopasuka au chenye wino mweusi unaosambaa, hapana. Bei ya kioo peke yake hukaribia bei ya monita nzima, na kukipata kilekile kwa ukubwa na modeli ni kazi. Mstari mmoja wima usiohama, wa rangi moja kutoka juu hadi chini, mara nyingi ni mkanda uliobandikwa kwenye kioo kiwandani ulioachia. Kuubandika upya kunahitaji mashine ya joto na mgandamizo. Watu huukandamiza kwa kidole, mstari ukapotea, wakadhani wamepona, kesho umerudi. Monita iliyo bado na waranti nayo usiiguse, kwa kuwa ukishaifungua dai lako linaweza kukataliwa. Na zile kubwa za mgongo wa kisogo, zenye tyubu ya kioo kizito, usizifungue hata kama umezipata bure: tyubu yake hufanya kazi kwa maelfu ya volti, ishirini elfu na zaidi, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

Kinachobaki, na ndicho chenye tija kwa mtu wa nyumbani, ni ubovu wa bodi ya umeme. Dalili zake: monita inachelewa kuwaka asubuhi mpaka ipate joto, taa ya swichi inapepesa, inatoa mlio mwembamba wa tik-tik, au ilikufa siku umeme uliporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Humo ndani wa kumshuku kwanza ni kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi. Kizima kina kichwa bapa kama kifuniko cha kopo. Kilichokufa kimevimba juu kwenye ile alama ya msalaba, au kimevuja uji wa kahawia uliokauka miguuni pake. Vifaa vingi vilivyotengenezwa kati ya 1999 na 2007 hivi viliwekewa kapasita zenye majimaji mabaya, zikavimba kabla ya wakati duniani kote. Monita za mraba za inchi 17 za enzi hizo, zilizokuja kwetu kama mitumba, bado zipo kwenye steshenari na ofisi ndogo, na kwa umri wake hata kapasita nzuri huwa zimeshakauka.

Ukienda dukani kununua mbadala, usiseme tu nataka kapasita. Namba zimeandikwa ubavuni: mikrofaradi, kwa mfano 470 au 1000, kisha volti, kwa mfano 16 au 25, kisha joto, nyuzi 105 za Selsiasi. Mikrofaradi ziwe zilezile. Volti ziwe zilezile au zaidi, kamwe zisipungue. Joto liwe 105, usikubali ya 85 hata muuzaji akiapa. Pima pia unene na urefu, maana kapasita nono kuliko nafasi yake itazuia kifuniko kurudi. Nunua za pembeni yake zote za aina hiyo hata kama moja tu ndiyo imevimba. Zimezeeka pamoja na ni za bei ndogo. Kumbuka ubavu wenye mchirizi ni hasi. Ikiwekwa kinyume hupasuka, na sauti yake itamsahaulisha mtu jina lake. Piga picha ya bodi kabla hujang'oa chochote.

Fyuzi ya kwenye bodi itazame kwa makini. Kioo chake kikiwa safi na kijiwaya kimekatika tu, huenda ilizidiwa na msukosuko wa umeme. Kioo kikiwa kimepakwa masizi meusi, kuna kitu nyuma yake kimeunguza, na fyuzi mpya itakufa vilevile mpaka hicho kipatikane. Ile desturi ya kuunga fyuzi kwa uzi wa waya iacheni. Monita ikae bila kuwaka kuliko kuwaka moto usiku mmelala.

Hapo ndipo suala la usalama linapokuwa zito. Umeme wa ukutani Tanzania ni volti 230, lakini ukishageuzwa ndani ya bodi, kapasita kubwa ya upande wa kuingilia, yenye maandishi ya volti 400 au 450, hukaa na volti zaidi ya 320 za mkondo mnyoofu. Hubaki nazo hata plagi ikiwa mkononi mwako. Chomoa, bonyeza swichi ya kuwashia na kuishikilia, iache ikae, kisha pima miguu ya kapasita hiyo kwa mita iliyowekwa kwenye volti za DC, yaani za mkondo mnyoofu. Mpaka mita isome chini ya volti 10, usitie kidole. Kama chaji haishuki, ishushe kwa rezista, kipuri cha kuzuia mkondo, ya kiloomu 2 hivi na wati 5, iliyoshikwa kwa koleo lenye mpini wa plastiki. Kuigusisha na bisibisi mpaka itoe cheche ni ushujaa wa vijiweni, huharibu bodi na macho. Bodi ya taa za mrija nayo hupandisha umeme hadi mamia ya volti, na wakati wa kuziwasha hupita elfu moja. Usiipime ikiwa inafanya kazi. Usikae peke yako nyumbani, vua pete na saa, na watoto wawe chumba kingine.

Zana hazina mengi. Bisibisi ya nyota, mita, chuma cha kuchomelea risasi, pampu ndogo ya kunyonyea risasi, na kadi ya benki iliyokwisha muda, hiyo ndiyo ya kutenganisha fremu ya mbele na kifuniko cha nyuma bila kuacha makovu. Kilaze kioo kifudifudi juu ya taulo safi, lisilo na punje ya mchanga. Ondoa stendi kwanza, kwani skrubu za kasha hupenda kujificha chini yake au chini ya kibandiko. Kadi ikishaingia kwenye ufa, sukuma na uzungushe taratibu. Vishikizo vya plastiki vitalia tak, tak, na mlio huo ni wa kawaida. Kuwa na subira kwenye kona ya vitufe: kuna kijiwaya chembamba kimeunganisha vitufe na bodi, na anayevuta fremu kwa nguvu hukikata hapo. Skrubu zitenganishe kwa vifuniko vya soda, kimoja cha kasha, kimoja cha bodi, maana ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa mpaka kwenye kioo.

Mkiishi Tanga, Mombasa au Unguja, ongezeni kitu kimoja: mswaki laini na spiriti ya kusafishia. Hewa ya chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye miguu ya vipuri, na mjusi aliyeingia kutafuta joto hukaukia juu ya bodi ya umeme akiwa ameunganisha vitu visivyopaswa kuunganishwa. Spiriti ni ya bodi tu. Kwenye kioo tumia kitambaa laini chenye unyevu wa maji safi, la sivyo utaondoa ule utando wa kuzuia mng'ao.

Piga hesabu kabla ya kutoa pesa. Ulizia bei ya vipuri, bei ya fundi, na bei ya monita ya mtumba ya ukubwa huo Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Wakati mwingine njia ya kati ndiyo nafuu: kununua bodi nzima iliyotolewa kwenye monita iliyovunjika kioo. Ukienda kuitafuta, beba namba iliyochapwa kwenye bodi yenyewe, kwa sababu monita mbili zenye jina moja nje zinaweza kuwa na bodi tofauti ndani.

Na ukiamua kumpelekea fundi, mwandikie kwenye karatasi dalili na kila ulichokwisha kujaribu, kisha umpe monita pamoja na adapta na kebo zake. Fundi akiijaribu kwa adapta ya kwake mwenyewe, itawaka mbele yako, utalipa, na ukifika nyumbani utakuta iko vilevile.