Jinsi ya kuchukua rangi ya jino bandia kwa mtu wa huku Arusha
Wadau mnaotuletea kazi maabara ya meno, tusaidiane kwenye hii ishu ya rangi. Watu wengi wa huku chini ya Meru wamekulia maji yenye floraidi nyingi, meno yana madoa ya kahawia, sasa ukiniandikia A2 tu (namba ya rangi ya jino) kwenye karatasi natengeneza jino jeupe linalokaa mdomoni kama la kuazima, na mama wa watu anaziba mdomo kila akicheka, inauma sana kwa kweli.

Fanya hivi: chukua rangi mwanzo kabisa, kabla hujachonga wala kukausha, maana jino likikauka linapauka. Lipstiki ifutwe. Msogeze mgonjwa dirishani kwenye mwanga wa mchana, sio taa ya kiti cha matibabu. Weka kipande cha rangi (kile kijino cha mfano chenye namba ya rangi) sambamba na jino, angalia sekunde 5 hivi kisha pumzisha macho, ukikodoa jicho linazoea na linakudanganya. Halafu piga picha kipande kikiwemo, unichoree na jino lenyewe, doa liko wapi, mistari myeupe inapita wapi. Karibu na fizi rangi huwa imekolea kuliko kwenye ncha. Na muulize mwenyewe kama madoa anayataka, wapo wasiotaka.