Gramafoni za kuiga kutoka India: namna ya kuirekebisha mpaka ipige santuri bila ya kuila

Juzi nimemsaidia bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu Malindi, hapa Unguja. Mwanawe kamnunulia zawadi gramafoni yenye pembe kubwa ya shaba ya manjano, kaitoa kwenye maduka ya vitu vya kale huko Mji Mkongwe, na bi mkubwa mara ile ile keshafungua kabati anataka kuweka santuri ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa zamani, aliyoachiwa na mamaake. Nkamwambia bibi subiri kwanza, hio mashine bado. Sasa naandika hapa kwa sababu najua wako wengi wenye hizi mashine majumbani na mahotelini na zimekaa mapambo tu, au mbaya zaidi, zinapigiwa santuri za kweli.

Kwanza tuelewane. Hizi gramafoni si za kale. Zinaundwa India, sanduku jipya, pembe mpya, kibati cha mbwa (ile alama ya mbwa anayesikiliza gramafoni) kimebandikwa na hao hao wanaoiga, na ndani mara nyingi mna mota ya zamani kweli iliyong'olewa kwenye gramafoni ndogo ya mkoba. Ukiona pembe ya shaba inang'aa, sanduku la pembe nne au nane lenye nakshi, na mkono umeungwa ungwa kama bomba la bafuni, basi ndo hio. Watu wanazidharau sana, mie sizidharau. Mota zake nyingi ni nzuri. Kilichoharibika ni vitu viwili, mkono na saundiboksi (kile kidude cha duara kinachoshika sindano), na vyote viwili vinatengenezeka hapa hapa Unguja kwa vifaa vya soko la Darajani.

Kwa nini nasumbuka hivi? Siti na wenziwe walikwenda Bombay mwaka 1928 wakarikodi, na santuri zile ni shelaki, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Mifereji yake ikiharibika hairudi. Ikiliwa na sindano imeliwa. Kwa hio kabla hujafika mwisho wa mwongozo huu usiweke santuri yoyote unayoipenda, tumia santuri za filamu za Kihindi, zimejaa madukani, India waliendelea kutoa za mizunguko 78 muda mrefu baada ya wengine kuacha na bei zake ni ndogo. Na santuri za plastiki, zile LP na 45, usiziweke kabisa kwenye mashine ya pembe hata siku moja, sindano ya chuma itazichana mara ya kwanza tu.

Vifaa

Bisibisi ndogo zinazoingia sawasawa kwenye skrubu (sio zinazokaribia), mafuta ya cherehani, grisi, nta ya nyuki, mpira wa valvu ya baiskeli, tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizani ya jikoni ya betri, na pakiti ya sindano mpya za chuma. Sindano usikubali zile zenye kutu zinazokuja na mashine.

Hatua ya 1: mota

Iache springi ijifungue mpaka mwisho. Kabla hujagusa skrubu hata moja ya mota, hendeli isiwe na nguvu yoyote. Springi iliyojaa ikikurukia inakata vidole, hili sina mzaha nalo. Ile kopo ambayo springi imo ndani usiifungue ukiwa hujawahi kuona mtu akiifungua. Kama inapiga "duk, duk" wakati wa kucheza maana yake grisi ya ndani imekauka, mpelekee fundi wa saa, yeye anajua tabia ya springi.

Vilobakia ni rahisi. Safisha uchafu, tia tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye ncha za mihimili, grisi kidogo kwenye meno ya gia, na ile gavana (vile vyuma vitatu vinavyozunguka mbio na kutanuka) itie tone pale kinapogusa kile kipande cha ngozi au felti. Kikiwa kikavu ndo kinalia na mwendo unayumba. Mafuta ya nazi usitie jamani, nimekuta mota tatu nzima zimeganda kama gundi kwa ajili hio. Wala yale ya kupuliza ya kopo, yale ni ya kulegezea kutu, yakikauka hayabakishi kitu.

Hatua ya 2: saundiboksi

Hapa ndo penye kazi, na hapa ndo saa zinapopotea, kwa hio kaa vizuri, tandika kitambaa cheupe mezani ili skrubu ikianguka uione, na feni izime.

Saundiboksi za kuiga nyingi zimeigwa kutoka aina ya Exhibition. Mbele kuna kijiti kinachoshika sindano, kinapita juu ya ukingo kwenye springi mbili ndogo, halafu mguu wake unakwenda mpaka katikati ya kiwambo (kile kisahani chembamba kinachotikisika kutoa sauti) na kufungwa kwa skrubu ndogo sana. Sindano ikitikiswa na mfereji wa santuri kijiti kinapiga kiwambo, kiwambo kinasukuma hewa ndani ya mkono, hewa inatokea kwenye pembe. Basi. Hakuna umeme, hakuna kitu chengine. Kila nguvu inayopotea hapa hairudi, na kila kigumu kilichopo hapa kinalipwa na santuri.

Anza na ile skrubu ya katikati ya kiwambo, imefunikwa na nta, ipashe moto kidogo kwa ncha ya bisibisi iliyopashwa kisha ifungue taratibu. Ukianza kufungua mgongo kabla ya hii utakitoboa kiwambo, na kama ni cha ulanga (mica, lile jiwe la tabaka tabaka) kinapasuka tabaka tabaka na hakiungiki. Baada ya hapo ndo ufungue skrubu tatu za nyuma, kibao cha mgongo kinatoka, na ndani utakuta gasketi mbili, moja mbele ya kiwambo na moja nyuma. Kwenye hizi za kuiga gasketi ni raba ngumu au hata kadibodi, na hio peke yake inatosha kuifanya sauti iwe ya debe.

Itupe. Gasketi iwe mpira wenye tundu ndani, laini, unaobonyea ukiugusa na ukucha, ndo maana napenda ule wa valvu ya baiskeli. Wengine wananshauri silikoni, ukiipata nyembamba ni sawa. Uzungushe ndani ya ukingo, ukate kwa wembe mpya mkato ulionyooka, ncha mbili zikutane zibusiane, zisipandane na zisiachane. Zikiachana hewa inavuja na sauti za chini zote zinakwenda, udi husikii, dumbaki husikii, unabaki na zeze inayokwaruza. Zikipandana kiwambo kinakaa upande na kinaanza kuzizima.

Kiwambo chenyewe kikague kwenye mwanga. Cha bati kilichobonyea kitupe. Cha alumini kikiwa kimenyooka kinafanya kazi. Cha ulanga mie ndo nnachokipendelea kwa taarabu ya zamani, sauti ya mtu inatoka na pumzi yake, lakini ukiona alama nyeupe nyeupe kama mapovu ndani basi tabaka zimeachana na hakitafaa.

Rudisha gasketi ya mbele, kiwambo, gasketi ya nyuma, kibao cha mgongo, kaza skrubu tatu kwa zamu kidogo kidogo. Ukisikia tu kiwambo hakichezi, simama. Ukikaza zaidi unakiziba pumzi.

Sasa lile lenyewe. Kabla hujarudisha skrubu ya katikati, tazama mguu wa kijiti umekaa wapi ukiwa umeachiwa wenyewe. Unatakiwa uguse kiwambo kwa kukigusa tu, usikisukume ndani wala usiwe mbali nacho. Ukiwa mbali na wewe ukafunga skrubu, utakivuta kiwambo nje na kitakuwa kimekaza muda wote. Ukiwa unasukuma, kinyume chake. Hapo ndo watu wanapokata tamaa kwa sababu kila kitu kinaonekana kimefungwa vizuri lakini ikipigwa inalia "bzzz" kwenye kila sauti kubwa, na wanarudi kubadilisha gasketi wakati gasketi haina kosa. Unarekebisha kwa zile springi mbili: legeza moja nusu mzunguko, kaza nyengine, tazama, rudia. Springi zote mbili ziwe na nguvu sawa. Tia sindano, isukume kidogo kwa kidole kushoto, iachie, irudi katikati. Isukume kulia, irudi pale pale. Kama upande mmoja inarudi haraka na upande mwengine inajivuta, bado. Kijiti kisiwe na mchezo wa kutikisika kwenye ukingo wake lakini kisiwe kigumu pia, ugumu ndo unaokula kuta za mfereji. Usiwe na haraka hapa, hata ikifika magharibi acha uendelee kesho.

Ikishakaa sawa funga ile skrubu ndogo bila ya kukibonyeza kiwambo, kisha tone la nta ya nyuki iliyoyayushwa mbele na tone jengine nyuma, kuziba tundu. Nta ya mshumaa hapana, inapasuka.

Kujaribu: weka sindano kwenye kidole chako cha gumba, ikwaruze ngozi taratibu na sikio liwe karibu na pembe. Unatakiwa usikie mikunjo ya kidole chako.

Hatua ya 3: mkono

Mkono wa hizi mashine umeungwa ovyo na unavuja. Kila kiungo kinachocheza kizungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba mpaka kikae bila ya kukazana, pamoja na pale saundiboksi inapoingia. Lakini ule mzunguko wa mkono kwenda kushoto na kulia uwe mwepesi kabisa, upulize kwa mdomo uone kama unakwenda. Mfereji wa santuri ndo unaouvuta mkono, ukiwa mzito ukuta mmoja wa mfereji unaliwa.

Halafu uvute mkono mpaka kwenye kile kipini cha katikati ya sahani inayobeba santuri. Ncha ya sindano inatakiwa ipite milimita chache mbele ya kipini. Nyingi za kuiga haifiki kabisa au inapita mbali. Dawa yake ni kusogeza kile kishikio cha nyuma kinachobeba mkono na pembe, toboa matundu mapya kwenye sanduku. Najua inauma kutoboa sanduku lenye nakshi, toboa tu, matundu ya zamani yanafichika.

Sindano ukiitazama kwa ubavu iwe imelala kiasi cha digrii 60 juu ya santuri, na saundiboksi ukiitazama kwa mbele iwe imesimama wima. Mwisho weka sindano juu ya mizani ya jikoni kwenye kimo sawa na santuri. Mie natafuta gramu 130 hadi 150. Ikifika 200 kuna kitu kimelemea, mara nyingi ni saundiboksi nzito ya chuma cha kumimina.

Hatua ya 4: mwendo

Mizunguko 78 kwa dakika. Bandika kikaratasi ukingoni, weka santuri na sindano iwe imo kwenye mfereji (bila ya mzigo mwendo unakudanganya), hesabu mizunguko 13 kwa sekunde 10, rekebisha skrubu ya mwendo. Wenye duara la mistari (lile la kupimia mwendo chini ya taa, mistari ikionekana imesimama mwendo ni sawa), umeme wetu ni hertz 50 kwa hio chukua lile la mistari 77, na taa iwe ya zamani ya waya maana taa nyingi za LED hazipepesi inavyotakiwa. Usiseme inatosha ikiwa 82 au 83, hapo umeshapandisha nusu sauti nzima na mpiga ganuni yeyote atakwambia.

Hatua ya 5: pembe

Ndimu na jivu, ioshe, ikaushe. Haibadilishi sauti. Hakikisha tu shingo yake haivuji.

Hatua ya 6: kupiga

Santuri ifute kwa maji na sabuni kidogo, ikaushe papo hapo, karatasi ya katikati isilowe. Spiriti na pombe za kusafishia usiguse, zinayeyusha shelaki.

Sindano moja upande mmoja. Unga wa mawe ulio ndani ya santuri unaisaga sindano ikae sawa na mfereji, na ikifika mwisho wa upande ncha yake imeshakuwa na makali ya patasi. Ukiirudisha mwanzo inachonga. Sindano ni rahisi kuliko santuri, na huku kwetu kwenye chumvi ziweke kwenye chupa yenye kifuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu.

Piga ile ya Kihindi mara kadhaa, kisha ichukue juani uitazame. Ikibaki nyeusi inang'aa, mashine iko tayari. Ukiona vumbi la kijivu limejikusanya kwenye sindano au mifereji imepauka, rudi hatua ya 3 uangalie uzito na wepesi wa mkono, kisha springi za kijiti.

Na zile za Siti na wenziwe, hata mashine ikiwa imekaa sawa, ushauri wangu zipeleke kwanza zikarikodiwe kwa mashine ya umeme yenye sindano pana ya 78, ile ya LP ni nyembamba inakaa chini ya mfereji na kuokota takataka. Ukishapata nakala, hio ya asili ipige siku ya shughuli tu, sindano mpya, na mtu mzima asimame hapo aiondoe sindano upande ukimalizika maana mashine hizi hazijisimamishi wenyewe.