Namna ya Kuzungumza na Mwenzako wa Kazi Mliyegombana Naye

Katika karakana moja ya malori hapa Lubumbashi, nchini Kongo, ambamo nilikuwa msimamizi wa mafundi, fundi mmoja na mtunza ghala walikaa wiki tatu bila kusalimiana kwa sababu ya filta ya mazutu, yaani dizeli. Lori lilipaswa kuondoka alfajiri kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, shefu anayetia sahihi boni za kutolea vipuri hakuwapo, na mtunza ghala akakataa kutoa kitu chochote bila sahihi hiyo. Fundi akamwita mchoyo mbele ya madereva, naye akajibu kwamba anawajua vizuri mafundi wanaopeleka vipuri sokoni. Mimi nilikosea zaidi yao: niliwaita papo hapo, katikati ya karakana, nikawataka wapeane mikono. Walipeana, na kesho yake kila mmoja akampita mwenzake kama nguzo.

Tangu siku ile nimeshika kwamba kabla ya kutafuta nani amekosa, ni lazima nijue kila mmoja anaogopa kupoteza nini. Mazungumzo magumu yote huzunguka hofu hiyo, na ukiyaendesha bila kuijua mtapatana kwa midomo tu.

Jiandae peke yako kwanza, tena kwa kalamu. Andika tukio kama angeliona mtu aliyesimama pembeni, kisha madhara yake kwa kazi, kisha jambo unaloliomba. "Ananidharau" si tukio, ni hukumu, na mwenzako ataikana mara moja. Lakini "Jumanne uliniambia mbele ya madereva kwamba mafundi ni wezi" ni tukio, na mtakuwa na kitu cha kukizungumzia. Jiulize pia utafanya nini kama hamtaelewana, kwa sababu anayekwenda kujadiliana bila kujua njia yake nyingine hukubali lolote kwa woga au hukataa lolote kwa kiburi.

Usiombe mazungumzo kupitia ujumbe wa simu, na hata kidogo usiyapeleke kwenye kundi la WhatsApp la kazini, ambako wasiohusika watakuwa wameshachagua upande kabla ya jioni. Mwendee mwenyewe. Kama amekuzidi umri, mwambie: "Papa, ninaomba tuongee kidogo baada ya kazi, sisi wawili tu. Kuna neno la juzi linanisumbua na sitaki likae kati yetu." Kama wewe ndiye mkubwa, "mdogo wangu" likisemwa kwa upole hufungua mlango, ila usimwite mbele ya meza yako ya ofisi, mtu aliyeketishwa hapo huanza kujitetea kabla hujasema neno. Mimi na wale wawili, kila mmoja kwa zamu yake, tulikaa kwenye benchi nyuma ya ghala, ubavu kwa ubavu.

Safari hii ya pili nilizungumza na kila mmoja peke yake kabla ya kuwakutanisha tena. Nilianza na kosa langu la kuwaaibisha hadharani, nikalitaja tukio, kisha nikamuuliza mtunza ghala: "Ukitoa kipuri bila boni, wewe binafsi kinakupata nini?" Halafu nikanyamaza. Hapo ndipo watu wengi hushindwa, kwa maana kimya kinawachoma na wanakijaza kwa mahubiri. Alikaa muda mrefu akigeuza funguo mkononi, kisha akasema kwamba mwaka uliopita, baada ya kuhesabu mali, vipuri vilivyokosekana vilikatwa kwenye mshahara wake, na mtoto wake akarudishwa nyumbani kwa deni la ada. Nilimrudishia maneno yake kwa ufupi mpaka akasema, "Ndiyo, ndivyo." Fundi naye alikuwa na yake: lori likichelewa kufika mpakani linasubiri kwenye foleni, na lawama ya siku iliyopotea humwangukia yeye.

Mary Parker Follett, Mmarekani aliyefikiria sana mambo ya uongozi wa kazi mwanzoni mwa karne ya 20, alisimulia jinsi mtu mmoja alivyotaka dirisha la chumba kidogo cha maktaba lifunguliwe, na yeye Follett akataka lifungwe. Walifungua dirisha la chumba cha jirani: yule akapata hewa, na Follett hakupigwa na upepo. Nusu dirisha isingemridhisha yeyote. Kwetu pia, kugawana katikati kusingefaa, kwa sababu hakuna nusu filta. Walichokubaliana ni daftari la dharura lililofungwa kwa kamba dirishani mwa ghala, pamoja na orodha fupi ya filta, mikanda na fyuzi ambazo fundi anaweza kuchukua kwa kutia sahihi yake na ya dereva, na shefu akakubali kuandika boni yake asubuhi inayofuata. Tuliandika hayo kwenye ukurasa mmoja, wote wakatia sahihi, nami nikarudi kuwauliza baada ya wiki mbili, kwani mapatano yasiyokaguliwa huoza.

Kuna neno moja ambalo ukilisikia ni lazima usimamishe mazungumzo: asili ya mtu. Mji huu unakumbuka 1992 na 1993, wakati familia nyingi zenye asili ya eneo jirani la Kasai, zikiwemo za wafanyakazi wa migodi na reli, zilipofukuzwa hapa Katanga. Mtu akisema "ninyi watu wa kule mko hivyo", mwambie wazi kwamba hilo halitajadiliwa, kisha mrudishe kwenye filta.

Ikiwa mmeshindwa, mtafuteni mtu wa tatu anayeheshimiwa na wote wawili, asiye rafiki wa upande mmoja. Ugomvi ukiwa kati ya mfanyakazi na mwajiri, mwendee mjumbe wa chama cha wafanyakazi, kisha mkaguzi wa kazi wa serikali. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, haikubali shauri lipokelewe na mahakama ya kazi kama halijapitia kwanza usuluhishi mbele ya mkaguzi huyo, na hati anayoiandika, ya kupatana au ya kutopatana, ndiyo inayoonyesha kwamba mmepita hapo. Kwa hiyo tunza karatasi zako tangu siku ya kwanza: ile uliyoandikia tukio, tarehe mlizokutana, na nakala ya mlichotia sahihi.