Jinsi ya kuchagua programu ya chati na slaidi za biashara kwa kompyuta ya miaka ya 1980

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyefufua IBM PC au Macintosh ya zamani na anataka kuandaa chati za kikao kama zilivyoandaliwa enzi zile. Kazi yangu ni kufufua mashine hizi, na karibu kila mtu huanza kwa kuniuliza programu ipi ni nzuri. Swali hilo lisubiri. Wakati ule wajumbe wa kikao kwa kawaida hawakuona kioo cha kompyuta hata kidogo. Waliona karatasi, plastiki angavu iliyowekwa juu ya projekta, au slaidi ya filamu ya milimita 35. Anzia hapo.

Hatua ya 1: Amua chati itatokea wapi

Kwa plastiki angavu, tafuta plota, yaani mashine inayochora kwa kalamu. HP 7475A ina kalamu sita, na hushika kalamu ikachora mstari kama mkono wa mtu. Kwa hiyo herufi na mistari hutoka safi hata kama kioo chako kina nukta chache. Ubaya wake ni kujaza rangi: kipande kimoja cha chati duara hukuweka ukisubiri, basi tumia mistari ya mshazari badala ya kujaza kabisa. Nunua pia kalamu za wino wa plastiki. Wino wa karatasi hauishiki vizuri.

Ukiwa na printa ya leza, angalia kumbukumbu yake kabla ya kitu kingine. HP LaserJet ya kwanza, ya 1984, ilikuja na kilobaiti 128 tu. Chati ya ukurasa mzima kwa nukta 300 kila inchi inahitaji karibu kilobaiti 900 na zaidi. Hapo hakuna programu itakayokuokoa: punguza ukubwa wa chati au shusha hadi nukta 75.

Kwa slaidi za filamu kulikuwa na vifaa kama Polaroid Palette, vinavyopiga picha kioo kidogo kilichomo ndani yake kupitia vichujio vya rangi.

Sasa andika jina kamili la kifaa chako. Programu isiyo na draiva (programu ndogo ya kuendesha kifaa) ya kifaa hicho, iache, hata isifiwe vipi.

Hatua ya 2: Angalia kadi ya michoro

Kadi hii ndiyo inayotuma picha kwenye kioo cha IBM PC, na aina zake ni kama hizi. CGA inatoa nukta 320 kwa 200 kwa rangi 4. Hercules ni 720 kwa 348, rangi moja, na kwa mistari myembamba naipenda zaidi. EGA ya 1984 inafika 640 kwa 350 kwa rangi 16. Kadi ya MDA ni ya maandishi tu; chati hutaiona kabisa mpaka ichapishwe.

Hatua ya 3: Takwimu zako ziko wapi?

Kama ziko kwenye Lotus 1-2-3, programu ya majedwali ya hesabu, na unataka chati mbili tatu, usitafute mbali. Bonyeza F10 uione chati, ihifadhi kama faili la PIC, toka, kisha ichapishe kwa PrintGraph, programu ya kuchapisha inayokuja na Lotus hiyo.

Hatua ya 4: Chagua programu

Kwa DOS, mfumo endeshi wa IBM PC, chaguo langu ni Harvard Graphics, iliyotolewa na Software Publishing Corporation mwaka 1986. Unachagua aina ya chati, unajaza takwimu kwenye fomu, unabonyeza F2 na chati inachorwa. Inasoma pia mafaili ya 1-2-3. Mtu asiyejua kuchora anapata kitu cha heshima siku hiyohiyo. Anayetaka kuchora michoro yake mwenyewe kwa uhuru zaidi ajaribu Freelance Plus ya Lotus.

Kwa Macintosh, PowerPoint ilitoka Aprili 1987 kutoka kampuni ya Forethought, ambayo Microsoft iliinunua mwaka huohuo kwa dola milioni 14. Toleo hilo ni la nyeusi na nyeupe, lakini slaidi zote hukaa kwenye faili moja na unazipanga upya upendavyo. Kwa wasilisho refu, hilo ni bora kuliko kushughulika na faili la kila chati.

Hatua ya 5: Jaribu kwa chati ngumu

Tengeneza chati moja yenye majina marefu na vipande vingi. Ichapishe kwa kifaa ulichoandika katika hatua ya 1, iweke kwenye projekta, kisha nenda ukasome ukiwa kiti cha nyuma kabisa. Herufi zisiposomeka, ongeza ukubwa wake na ufupishe majina, halafu chapisha tena kabla ya kuandaa chati nyingine.